Gari nalo lipigiwe hodi

Uislamu umetufundisha hodi. Katika Surat an-Nur, aya ya 27, waumini wanakatazwa kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba ruhusa. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, tunakatazwa kupelelezana. Mafunzo haya tumezoea kuyahusisha na mlango wa nyumba. Leo yatupasa kuyafikisha hadi kwenye mlango wa gari.

Magari mengi mapya hutoka kiwandani yakiwa na kifaa kilichounganishwa na mtandao wa simu. Kifaa hicho huweza kuandika gari limekwenda wapi, saa ngapi, kwa kasi gani, na mara ngapi dereva amekanyaga breki ghafla. Nchini Marekani na Uingereza, baadhi ya kampuni za bima hupanga ada kwa kutazama kumbukumbu hizo. Manufaa yapo: kijana anayeendesha kwa utulivu huweza kulipa pungufu. Maadamu ameelezwa akaelewa na kukubali, hodi imepigwa.

Tatizo ni pale isipopigwa. Mwaka 2024, gazeti la The New York Times lilifichua kuwa kumbukumbu za madereva wa magari ya General Motors zilifikishwa kwa kampuni za bima kupitia wafanyabiashara wa taarifa. Wapo waliopandishiwa bima wasijue sababu. Januari 2025, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilidai kuwa wateja hawakuelezwa ipasavyo, na kwamba mahali gari lilipo palinakiliwa hata kila baada ya sekunde 3.

Hata asiyeuza huweza kuvujisha. Desemba 2024 ilibainika kuwa taarifa za magari ya umeme takriban 800,000 ya kundi la Volkswagen ziliachwa bila ulinzi kwenye intaneti, na kwa mengi kati ya hayo palionekana hata mahali yalipoegeshwa.

Mwenye ramani ya safari zetu anajua msikiti tunaosali Alfajiri, madrasa wanayosoma watoto, hospitali anayotibiwa mama, na saa ambazo nyumba haina mtu. Hizo ni siri za nyumba, ingawa zimetoka kupitia gari.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kabla ya kutia saini ya bima, au kufunga kifaa cha kulinda gari dhidi ya wizi, tuulize: taarifa zetu anazihifadhi nani, kwa muda gani, na nani mwingine anapewa? Tukiuza gari, tufute kwanza namba za simu na anwani zilizobaki kwenye skrini yake.

Nasi wazazi tusiwe wa kwanza kuivunja hodi. Tukiweka kifaa kwenye gari la kijana wetu, tumwambie na tumweleze sababu. Atakayezoea kuombwa ruhusa nyumbani hataitoa ovyo huko nje.

Allah atusitiri, sisi na familia zetu. Amin.