Mlalamikaji Asiye na Dawati: Huduma kwa Mteja katika Matibabu ya Familia za Askari Kisiwani Pemba

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa nini malalamiko ya familia za askari kuhusu huduma za afya kisiwani Pemba huwa magumu kutatuliwa hata pale wahudumu wanapokuwa na kauli nzuri. Hoja kuu ni kwamba kiini cha kero hiyo ni mgawanyo wa mamlaka. Ulinzi ni jambo la Muungano, afya si jambo la Muungano, na haki ya mwanafamilia hupitia kwa askari anayeweza kuwa kazini mbali na nyumbani. Uchambuzi uliofanywa ni wa kisheria na kitaasisi. Haukutokana na usaili.

1.0 Utangulizi

Tafiti nyingi kuhusu huduma kwa mteja hospitalini huanzia kwenye kipimo kilichopendekezwa na Parasuraman, Zeithaml na Berry mwaka 1988. Kipimo hicho kina vigezo vitano: kuaminika, wepesi wa kuitikia, kutia imani, kujali, na mazingira yanayoonekana. Vigezo hivi vinafaa pale ambapo mtoa huduma mmoja anakabiliana na mteja mmoja. Havitoshi pale ambapo anayetibu, anayelipa na anayethibitisha haki ya mgonjwa ni taasisi tatu tofauti. Mwanafamilia wa askari aliyeko Pemba yumo katika hali hiyo ya pili. Anaweza kupokewa kwa heshima katika kila dirisha na bado akarudi nyumbani bila jibu.

2.0 Muktadha wa Kitaasisi

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Pemba ina wakazi 543,441. Hospitali za umma zinazojulikana zaidi ni za Chake Chake, Wete, Micheweni na ile ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani, ambayo ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Mgonjwa anayehitaji matibabu ya juu zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Kwa hiyo rufaa kutoka Pemba ni safari ya bahari au ya ndege, yenye gharama ya nauli na ya kulala ugenini.

Neno “askari” nalo linahitaji kufafanuliwa. Kisiwani wapo askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa mwaka 1964 na ambalo ni chombo cha Muungano. Wapo pia askari wa Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kama vile Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM), Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU) na Chuo cha Mafunzo, ambazo zimetajwa katika Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Raia humwita kila mmoja wao askari, lakini waajiri wao ni tofauti. JWTZ ina huduma zake za tiba, ambazo hospitali yake kuu ni Lugalo, Dar es Salaam. Watumishi wa Serikali ya Zanzibar waliingizwa katika Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Katika taasisi za Muungano zinazochangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, wanufaika ni mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne.

Orodha ya mambo ya Muungano katika Katiba ya mwaka 1977 inataja ulinzi na usalama; haitaji afya. Matokeo yake ni kwamba mke wa askari wa JWTZ anayeishi Chake Chake anapata haki yake kutokana na mamlaka moja, na anatibiwa katika hospitali iliyo chini ya mamlaka nyingine.

3.0 Namna Kero Inavyojengeka

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama ana mtoto aliyepewa rufaa. Mumewe yuko katika kikosi cha kulinda amani nje ya nchi. Hospitali inamwambia kwamba uthibitisho wa mwajiri haujafika. Kambini anaelezwa kwamba fomu inahitaji saini ya mhusika. Ofisi ya mfuko inasema kumbukumbu za mtoto hazijaingizwa. Kila mhudumu amesema kweli, na hakuna aliyevunja utaratibu wa ofisi yake. Hata hivyo, mtoto hajasafiri. Mfano huu unaonesha hali tatu zinazozalisha kero.

Kwanza, haki ya mwanafamilia ni ya kuazima. Mfumo unamtambua kama mtegemezi na si kama mteja kamili. Askari akihamishwa au akiwa safarini, sauti ya kisheria ya familia huondoka naye, ilhali maradhi hubaki nyumbani.

Pili, sura ya familia katika fomu hailingani na sura ya familia kisiwani. Jamii ya Pemba kwa sehemu kubwa ni ya Kiislamu. Ndoa za wake wengi zipo, na nyumba moja huweza kuwalea wazazi, watoto na wajukuu. Fomu yenye nafasi ya mwenza mmoja na wategemezi wanne humlazimisha askari kuchagua. Uchaguzi huo hufanywa siku ya kujaza fomu, lakini huonekana dirishani siku ya ugonjwa, na anayelaumiwa ni karani ambaye hakuitunga kanuni hiyo.

Tatu, malalamiko yenyewe hayana pa kukaa. Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza kwamba mteja asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kusema, na kwamba uaminifu wake kwa taasisi huamua atafuata ipi. Kwa familia ya askari, kusema kuna uzito wa pekee. Mke huhofia kwamba maneno yake yatahesabiwa kuwa utovu wa nidhamu wa mumewe, na maadili ya stara humfundisha kutoanika shida ya nyumbani. Kuondoka, kwa upande mwingine, ni rahisi kwa sababu tangu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Zanzibar imekuwa na sera ya matibabu bure katika hospitali za umma. Familia huiacha haki yake ya kijeshi kimyakimya, ikapanga foleni kama raia wengine au ikalipa mfukoni kwa daktari binafsi. Daftari la malalamiko hubaki tupu, na utupu huo husomwa kuwa ni kuridhika.

4.0 Mafunzo kutoka Mifumo Mingine

Tatizo hili si la nchi maskini pekee. Nchini Marekani, mpango wa TRICARE unaohudumia familia za wanajeshi ulibadilisha mkandarasi wa kanda ya magharibi tarehe 1 Januari 2025. Familia zilikumbana na simu zisizopokewa kwa wakati na rufaa zilizochelewa, hadi mamlaka husika ikaondoa kwa muda sharti la idhini ya rufaa. Katika tukio hilo fedha hazikuwa tatizo kuu. Kilichokwama ni makabidhiano kati ya taasisi moja na nyingine. Uingereza imechukua njia nyingine. Makubaliano ya taifa na majeshi yake, yaliyotambuliwa kisheria mwaka 2011, yana kanuni kwamba familia isipate hasara kwa sababu ya utumishi wa askari. Kutokana na kanuni hiyo, familia inayohamishwa hutakiwa kubaki na nafasi yake katika orodha ya kusubiri matibabu.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mafunzo ya kauli nzuri kwa wahudumu ni mema, lakini hayawezi kuziba pengo lililo kati ya ofisi na ofisi. Makala yanapendekeza mambo matatu. Ofisi ya kwanza kupokea lalamiko iwe na wajibu wa kulifikisha panapostahili na kurudisha jibu, badala ya kumtuma mgonjwa. Mwenza wa askari apewe uwezo wa kuthibitisha haki ya watoto bila saini ya askari aliye safarini. Tatu, maswali yaliyorudishwa bila jibu yaandikwe, hata kama mhusika hakuyaita malalamiko.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyopo kwa mujibu wa Ibara ya 129 ya Katiba ya Muungano, inaweza kupokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma. Lakini mlango huo ni mzito mno kwa karatasi moja iliyokosa saini. Watafiti wajao wanashauriwa kufuatilia safari ya rufaa moja moja kutoka Pemba, na kupima siku ambazo mgonjwa alisubiri jibu kabla ya kumwona daktari. Hizo ndizo siku ambazo vipimo vya kuridhika kwa mteja, kwa jinsi vinavyotumika sasa, havizihesabu.