Je, Wajua? Karatasi ya A4 Inakijua Kioo cha Kompyuta Kuliko Boksi Lake

Siku utakayokwenda kununua kioo cha kompyuta, chukua karatasi moja ya A4, nyeupe, isiyo na maandishi, uitie kwenye bahasha isije ikakunjamana njiani. Ina kimo cha sentimita 29.7 na upana wa sentimita 21. Itakusaidia dukani kuliko nyingi ya namba zilizochapwa kwenye boksi, na sababu yake ni hii: boksi hupima kitu kimoja, macho yako yanahitaji kingine.

Tuanze na inchi. Je, wajua kwamba inchi za kioo hazipimi kimo wala upana? Hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini ya upande mmoja hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Desturi hiyo ilitoka kwenye vioo vya chogo. Mirija ya kwanza ya televisheni ilikuwa na uso wa duara, na duara hupimwa kwa kipenyo. Uso ulipokuja kuwa mstatili, watengenezaji walibaki na kipimo kimoja tu, wakaulaza mkono wa rula kutoka pembe hadi pembe. Chogo limekwisha, rula imebaki palepale.

Mtego uko hapo. Mistatili miwili inaweza kuwa na mishazari inayokaribiana huku maumbo yake yakiwa mbali kabisa. Kioo cha zamani cha inchi 19, kile kinachoelekea umbo la mraba ambacho bado kipo kwenye meza nyingi za mapokezi, kina upana wa sentimita 37.7 na kimo cha sentimita 30. Kioo kipana cha inchi 18.5, ambacho mdomoni mwa muuzaji hugeuka kuwa “cha 19”, kina upana wa sentimita 41, lakini kimo chake ni sentimita 23 tu. Imepungua nusu inchi tu. Kimo kimepungua sentimita 7. Zaidi ya hapo, kile cha zamani kwa kawaida kina safu 1024 za nukta zinazounda picha, kutoka juu hadi chini, na hiki kipana mara nyingi kina 768. Robo ya safu imetoweka, na mteja anaondoka akiamini amepata kikubwa zaidi kwa sababu ni kipana.

Nimekaa katika ofisi moja walikofanya mabadiliko hayo kwa furaha kubwa. Mhasibu, mama aliyezoea kuiona hati ya malipo nzima kwa mtazamo mmoja, alianza kuupandisha na kuuteremsha ukurasa kutwa nzima, akidhani ameanza kuzeeka. Macho yake yalikuwa mazima. Alichopokonywa ni kimo.

Hapo itoe karatasi yako. Isimamishe juu ya kioo ulichoonyeshwa. Kwenye kile cha inchi 18.5 itachomoza karibu sentimita 7. Kwenye kioo kipana cha inchi 24 itakaa yote, ikiachwa na kama milimita mbili. Na kwenye kile cha 23.8, ambacho dukani nacho huitwa 24, itaenea ukingo kwa ukingo. Upana wa sentimita 53 unazitosha karatasi mbili zilizosimama bega kwa bega, na nafasi inabaki. Kwa mtu anayeandika barua, anayesahihisha mitihani au anayelinganisha ankara na hesabu zake, ningeanzia hapo, na nisingeshuka chini yake isipokuwa meza yenyewe inakataa.

Je, wajua kwamba habari yote ya vioo hivi bapa ilianza na karoti? Mwaka 1888, mjini Prague, mtaalamu wa mimea kutoka Austria aliyeitwa Friedrich Reinitzer alikuwa akichunguza kolesteroli aliyoipata kwenye karoti. Alitengeneza kutokana nayo unga fulani, akaupasha moto. Ulipofika nyuzi 145.5 za Selsiasi, uliyeyuka ukawa uji wa ukungu. Kitu kilichoyeyuka kinatakiwa kiwe kimeyeyuka, basi. Lakini alipozidi kuupasha, kwenye nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla na kimiminika kikawa angavu. Kitu kimoja, viwango viwili vya kuyeyuka. Reinitzer hakulificha jambo lililomshinda. Aliandika barua kwa mwanafizikia wa Kijerumani, Otto Lehmann, aliyekuwa na hadubini yenye kipasha-moto. Lehmann akaona kwamba ule uji unatiririka kama maji, huku chembe zake zikiwa zimejipanga kwa utaratibu kama za fuwele. Akauita fuwele kimiminika.

Kwa karibu miaka 80 hakuna aliyejua la kuifanyia. Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani, kupitia kazi ya George Heilmeier na wenzake, ilitangaza kwamba fuwele hizo zinaweza kuonyesha picha zikipitishiwa umeme. Mwaka 1970, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakifanya kazi kwa kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche mjini Basel, Uswisi, waliombea hataza njia ya kuzisokota fuwele na kuzisokotoa kwa umeme kidogo sana. Bado palikuwa na tatizo, kwani fuwele zilizokuwapo hazikudumu, au zilihitaji joto. Tatizo hilo lilitatuliwa Uingereza na George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull, ambaye kundi lake liliunda katika miaka ya mwanzo ya 1970 fuwele zinazotulia kwenye joto la kawaida la chumba. Mimea, dawa, hadubini na subira ya watu wengi: kioo kilicho mbele yako ni mtoto wa hao wote, na mimi siwezi kukiwasha bila kumkumbuka yule aliyekaa na karoti zake akakataa kuipuuza dalili ndogo.

Fuwele zenyewe hazitoi mwanga hata kidogo. Nyuma ya kioo kuna taa inayowaka muda wote. Mbele ya taa kuna utando unaoruhusu mwanga wa mwelekeo mmoja tu, kisha fuwele, kisha utando wa pili uliogeuzwa kuelekea upande mwingine. Tando hizo mbili peke yake zingeuzima mwanga wote. Fuwele ndizo zinazoupinda ukapita, na umeme ndio unaoziamuru ziupinde kwa kiasi gani. Mwanga mwingi hufia njiani. Utando wa kwanza humeza kama nusu, na vichujio vya rangi humeza sehemu kubwa ya unaobaki, hata unaokufikia machoni ni chini ya sehemu moja kwa kumi ya uliotolewa na taa.

Unaweza kulithibitisha hilo kwa miwani ya jua, ile inayoondoa mng’ao, wanayoipenda madereva na wavuvi. Ishike mbele ya kioo cha kompyuta, uizungushe polepole. Kwenye pembe fulani picha itafifia mpaka kuwa giza. Kipimo hiki kinafanya kazi pande zote mbili, maana miwani isiyobadilisha chochote ikizungushwa si ya aina hiyo, hata muuzaji akiapa.

Sasa utaelewa kwa nini neno LED kwenye boksi limewapoteza wengi. Kioo “cha LED” na kioo “cha LCD”, yaani cha fuwele kimiminika, ni kitu kimoja. Kilichobadilika ni taa ya nyuma. Zamani ilikuwa mirija myembamba kama ya taa ndefu za dari, yenye zebaki kidogo ndani. Siku hizi ni vitaa vidogo vya LED, ambavyo mwanga wao mweupe huanza kama bluu na kugeuzwa kwa unga wa njano. Taa hiyo ya bluu ilikuwa ngumu kupatikana kiasi kwamba waliofanikiwa, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Vioo vya OLED ndivyo pekee kwenye rafu za kawaida ambavyo kila nukta hujiwakia yenyewe, ndiyo maana weusi wao ni weusi kweli.

Kwenye vioo vingine vya kawaida, weusi ni kijivu kizito, kwa sababu taa haizimwi na fuwele hazizibi mwanga wote. Boksi litakuambia milioni kwa moja. Namba hiyo hupatikana kwa kupima weupe taa ikiwa imewaka kwa nguvu zote, kisha kupima weusi taa ikiwa imefifishwa. Jicho halioni mambo hayo mawili kwa wakati mmoja. Tofauti ya kweli, picha ikiwa moja, ni kama 1000 kwa 1 kwa vioo vya aina ya IPS, na kama 3000 kwa 1 kwa vile vya VA. Ukisoma milioni, isahau, uliza ni aina gani.

Aina ya tatu ni TN, ile ya fuwele zilizosokotwa za Basel. Ni ya bei nafuu na ina kasi, lakini ukiitazama kutoka chini rangi zake hugeuka, uso wa mtu ukawa kama picha ya negativu. Huhitaji kusoma popote kuitambua. Fungua picha ya mtu, chuchumaa, kisha simama. Kwenye IPS uso utabaki uso ule ule. Kwa familia inayoangalia kioo kimoja, au mwalimu anayezungukwa na wanafunzi watano, hilo ni kubwa kuliko jambo lolote lililoandikwa kwenye karatasi ya bei.

Halafu nukta. Kioo cha nukta 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600, na kila moja ina vidirisha vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu: jumla vidirisha 6,220,800. Idadi hiyo haiongezeki kioo kikikua. Kwenye inchi 24 kila nukta inachukua milimita 0.28, kwenye inchi 27 inanyooshwa hadi 0.31, na ngazi ndogondogo huanza kuonekana pembeni mwa herufi. Kwa filamu, haidhuru. Kwa kusoma, sikushauri. Ukitaka 27 kwa ajili ya maandishi, tafuta cha 2560 kwa 1440, ambacho nukta yake ni milimita 0.23.

Je, wajua kwamba nukta chache zilizokufa zinaruhusiwa kwa kanuni? Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-307 kimepanga vioo kwa madaraja, na daraja la pili huvumilia, katika kila nukta milioni moja, mbili zinazowaka daima, mbili zilizozimika daima na vidirisha vitano vyenye hitilafu. Kwa kioo cha nukta milioni mbili, hiyo ni nukta nne zinazokukodolea mchana na usiku bila muuzaji kuwa na kosa. Kwa hiyo mwombe, kabla hujalipa, aonyeshe ukurasa mweusi mtupu, kisha mweupe mtupu.

Kwa vioo vya mtumba, vile vilivyotolewa kwenye ofisi za Ulaya vikashushwa Mombasa au Dar es Salaam, karatasi ya A4 inarudi kazini. Funua ukurasa mweupe, iweke karatasi kando, pazuri penye mwanga wa mchana. Mirija ya taa ikizeeka hufanya weupe uwe wa manjano au wa waridi, na karatasi itausema uzee huo waziwazi. Kiache kiwake robo saa. Kisha kigeuze, usome kibandiko cha nyuma kwa macho yako. Kinatakiwa kisomeke 100-240V. Hapo hapo nyuma tafuta matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba, milimita 100 kila upande. Ndiyo yatakayokuruhusu kukifunga ukutani au kwenye mkono wa chuma.

Kuhusu umeme, kioo bapa cha inchi 24 chenye taa za LED hutumia wati 20 hivi, na cha chogo cha inchi 17 kilikuwa kikitumia 80 hivi. Kwa saa 8 za kazi na siku 22 za mwezi, ni uniti tatu na nusu dhidi ya kumi na nne.

Kimebaki kimo cha kioo mezani, jambo ambalo wengi hawalilipii hata kidogo. Mguu wa bei rahisi huinamisha kioo tu, haukipandishi. Ukingo wa juu wa kioo unatakiwa ulingane na macho yako au ushuke kidogo chini yake, na uso wako uwe mbali nacho kama urefu wa mkono ulionyooshwa, yaani karatasi mbili za A4 zilizolazwa kwa urefu, ncha kwa ncha, na ziada kidogo. Kisipofika, rimu moja ya karatasi 500 hukiinua sentimita 5, na mbili hukiinua 10. Mwenye miwani ya sehemu mbili, ya kusomea chini na ya mbali juu, afanye kinyume: azitoe rimu, akishushe kioo, maana akikiacha juu atakuwa anainua kidevu kutwa ili asome kupitia sehemu ya chini ya miwani, na jioni shingo itamuuma.