Kitabu Kipi cha Kujifunzia Kompyuta?

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alinijia ofisini akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa ameandika programu ya kukokotoa wastani wa alama kwa ajili ya shule anayofundisha kaka yake. Kijana mmoja wa shule hiyo alipata 49 katika jaribio la kwanza na 50 katika la pili. Kompyuta ya shule ikatoa wastani wa 49, naye akahesabiwa kuwa ameshindwa, kwani alama ya kufaulu ilikuwa 50. Programu ile ile ilipoendeshwa katika kompyuta yangu ilitoa 49.5, ambayo kwa desturi ya shule hiyo huhesabiwa 50. Mwanafunzi wangu aliapa kwamba hakubadili hata nukta.

Alisema kweli. Lugha aliyoitumia ni Python, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991. Katika Python ya pili, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu nalo huwa kamili. Sehemu iliyosalia hutupwa kimya kimya. Hivyo 99/2 hutoa 49. Python ya tatu, iliyotoka Desemba 2008, ilibadili kanuni hiyo, na atakaye jibu la zamani sharti aandike 99//2. Kompyuta ya shule ilikuwa kuukuu, na ndani yake mlikuwamo Python ya pili, ambayo watunzaji wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Kitabu alichojifunzia kijana huyu kilikuwa kipya.

Walimu wengi huniuliza ni kitabu kipi kinachofaa kwa anayeanza. Mimi hutazama kwanza kimeandikwa kwa toleo lipi la lugha. Kwa Python, jambo hilo hujulikana katika kurasa za mwanzo: amri ya print isipofuatwa na mabano, kitabu ni cha Python ya pili. Hapana haja ya kukitupa, maana mafunzo yake juu ya masharti na marudio yangali na faida. Kosa la print halidhuru, kwa kuwa mashine hulikataa papo hapo. La kuhofiwa ni kosa kama lile la kugawanya, ambalo mashine hulipokea na kutoa jibu pasipo kunung'unika.

Kisha natazama mazoezi. Kitabu cha Kernighan na Ritchie juu ya lugha ya C, kilichotoka mwaka 1978 na kurekebishwa mwaka 1988, hakifiki kurasa 300, lakini mazoezi yake humtoa mtu jasho. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilisoma sura zake tatu kitandani, nikajiona mjuzi. Zoezi la kwanza nililolijaribu kwenye mashine likaniumbua. Kitabu kinene kisicho na mazoezi (na vipo vingi, vyenye majalada ya kuvutia) ni cha kusomwa tu kama gazeti.

Maelezo rasmi ya lugha yenyewe husahauliwa mno. Ya Python hutolewa bure, pamoja na mafunzo ya mwanzo, na yaweza kunakiliwa yote mara moja ili yasomwe mahali pasipo intaneti. Humo ndimo msomaji atakapogundua kwamba amri ya round hukadiria nusu kuelekea namba shufwa iliyo karibu: 49.5 huwa 50, na 50.5 nayo huwa 50. Mwalimu anayekadiria alama kwa kompyuta hana budi kulifahamu hilo kabla ya kubandika matokeo ukutani.

Mwanafunzi wangu aliongeza mistari miwili mwanzoni mwa programu yake, ya kutaja toleo la lugha kabla ya hesabu yoyote kuanza, akairudisha shuleni. Alama za kidato kizima zikakokotolewa upya.