Waimbaji wa Santuri za Kale: Nani Awakumbuka?

Wazee walisema, "Mcheza kwao hutuzwa." Maneno hayo ni ya kweli siku ya ngoma yenyewe, watu wanapokusanyika na kumtuza mwimbaji kwa fedha na vigelegele. Lakini ngoma ikiisha, na miaka mingi ikapita, ni nani amtuzaye? Jambo hili lafaa kufikiriwa na kila mtu apendaye muziki wa nchi yetu.

Tumtazame Fundi Konde. Alizaliwa mwaka wa 1924 katika sehemu za pwani ya Kenya, na katika miaka ya 1940 na 1950 alikuwa mmoja wa waimbaji wenye sifa kubwa katika Afrika ya Mashariki. Vijana wengi wa leo waweza kuimba "Tausi Ndege Wangu" tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa maana wimbo huo umepigwa upya na wengine, kama vile bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa. Lakini ukiwauliza ni nani aliyeutunga, wengi hawana jibu.

ASKARI WENYE MAGITA

Sifa za waimbaji wa rika lile zilianza katika taabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vikosi vya King's African Rifles vilipelekwa Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka, na kutoka huko mpaka Burma. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua, matope na homa ya malaria, na mwezi wa Desemba ikauvuka mto Chindwin. Wakuu wa jeshi walijua ya kuwa askari haishi kwa risasi na chakula tu. Moyo wake nao wahitaji chakula chake. Basi wakaweka kikosi cha burudani, na Fundi Konde alikuwa mmoja wa watu wake.

Katika jeshi lile walikutana watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, kila mmoja na lugha ya kwao. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mwimbaji aliyeimba kwa lugha hiyo aliweza kufahamiwa na watu wa makabila mengi, na askari waliporudi makwao walirudi na masikio yaliyozoea gita na nyimbo za Kiswahili.

SIKU ZA SAHANI

Fundi Konde alisikika pia katika redio, siku ambazo matangazo ya Nairobi yaliendeshwa na kampuni ya Cable and Wireless. Pamoja naye walisikika Paul Mwachupa na Lukas Tututu. Yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika Kenya kupiga gita la umeme. Mapigo ya dansi zao yalikuwa na ladha ya Cuba, kwa sababu tangu mwaka wa 1933 sahani za Kicuba zenye alama ya GV zilikuwa zikiuzwa katika Afrika, na watu walizipenda sana.

Sahani za siku zile hazikuwa kama hizi za baadaye. Zilifanywa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande uliweza kubeba wimbo wa dakika tatu hivi, basi. Sindano ya chuma ilipasa kubadilishwa mara kwa mara, la sivyo ililimalima sahani mpaka sauti ikaharibika. Na sahani ikianguka sakafuni, ilivunjika kama kigae.

KWA NINI WAMESAHAULIWA

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Sauti ya mtu iliwekwa katika chombo kisichoweza kustahimili kuanguka mara moja.

Sababu ya pili ni malipo. Mara nyingi mwimbaji alilipwa fedha kidogo mara moja tu siku ya kupiga wimbo, na tangu siku hiyo wimbo ukawa mali ya mwenye kampuni. Hata ukiuzwa mpaka Kampala na Dar es Salaam, mtungaji hakuona senti nyingine. Wengi wakauweka muziki kando na kutafuta kazi ya kulisha watoto.

Sababu ya tatu ni mtindo. Katika miaka ya 1960 ilikuja twist, yakazidi magita ya Kongo, kisha ikaja benga. Sahani ndogo za mizunguko 45 zikachukua mahali pa zile za 78, na zile nzito zikatupwa pamoja na mashine zake.

Wimbo waweza kuishi hali jina la mwenyewe limepotea au linabishaniwa. "Malaika" ulienezwa duniani na Miriam Makeba na wengine. Fadhili William, aliyeuimba katika sahani mapema katika miaka ya 1960, alifariki mwaka wa 2001. Lakini wako wasemao kwamba mtungaji wa kwanza ni Adam Salim. Kama mambo yangaliandikwa vizuri tangu mwanzo, ubishi huo haungalikuwapo.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Fundi Konde alipata bahati. Mwaka wa 1994 kampuni ya RetroAfric ya London ilikusanya nyimbo zake za tangu 1947 mpaka 1956 na kuzitoa upya, naye angali hai. Alifariki mwaka wa 2000. Lakini lafaa kutuuma jambo hili, kwamba mkusanyo huo ulitolewa Ulaya, si hapa kwetu.

Kazi iliyobaki haihitaji fedha nyingi. Mkulima aliye na sahani za baba yake darini asizitupe, wala asiwape watoto wazichezee. Azisimamishe wima mahali pakavu pasipopata jua. Karani ajuaye kuandika vizuri na achukue daftari, awaendee wazee wa mtaa wake, aandike ni nani aliyeimba, ni nani aliyepiga gita, na mwaka gani. Wazee waliocheza dansi zile wanapungua kila mwaka, na mali bila daftari huisha bila habari.