Usawazishaji wa Mstari wa Uunganishaji Wenye Modeli Nyingi: Upungufu wa Kigezo cha Wastani

Mwaka 1913, kiwanda cha Ford cha Highland Park, Marekani, kilianza kuunganisha magari kwenye mstari unaosogea. Kufikia mwaka 1914, muda wa kuunganisha fremu moja ulikuwa umepungua kutoka takribani saa 12 na nusu hadi dakika 93. Mafanikio hayo yaliegemea gari la aina moja, Model T. Mstari unaopitisha modeli kadhaa kwa mchanganyiko huibua suala gumu zaidi.

Kusawazisha mstari ni kugawa kazi kwa vituo bila kukiuka utangulizi wa kazi hizo, na bila mzigo wa kituo chochote kuzidi muda wa mzunguko. Salveson alilieleza suala hili kihisabati mwaka 1955. Thomopoulos alilipanua mwaka 1967 ili lihusishe modeli nyingi. Njia iliyozoeleka huunganisha michoro ya utangulizi ya modeli zote kuwa mmoja, kisha kila kazi hupewa muda wa wastani kulingana na uwiano wa modeli.

Wastani huo, hata hivyo, huweza kuficha tatizo. Tuseme zamu ya dakika 480 inatakiwa kutoa magari 120; muda wa mzunguko ni dakika 4. Katika kituo kimoja, modeli A huchukua dakika 3 na modeli B dakika 5. Yakiunganishwa magari 80 ya A na 40 ya B, mzigo wa zamu ni dakika 440, hivyo kituo kinaonekana kuwa na nafasi. Lakini B zikifuatana, kila moja huongeza dakika 1 ya uchelewaji; baada ya B ya nne, mfanyakazi amebaki nyuma kwa mzunguko mzima. Hapo ama mstari usimamishwe, ama gari lipite likiwa halijakamilika.

Mfuatano wa A-A-B huondoa uchelewaji huo, kwa kuwa A inayofuata B hufidia dakika iliyozidi. Hata hivyo, mfuatano huohuo huweza kuelemea kituo kingine ambako A ndiyo nzito. Suluhisho mbadala ni kuhamishia kazi ya dakika 1 ya modeli B kwenye kituo chenye nafasi, iwapo utangulizi unaruhusu.

Kwa hiyo, ugawaji wa kazi na mpangilio wa modeli havina budi kutathminiwa kwa pamoja, na tathmini ya kila kituo ioneshe uchelewaji wa juu kabisa sambamba na mzigo wa wastani.