Namna ya kulisha mashine ya foni

Wengi wanatuuliza: mbona foni inasikia vizuri, lakini tukianza kusema inazimika?

Sababu ni hii. Mashine ya wati 100 inataka volti 13.8. Ikisikiliza tu inakula ampea 1 ao 2. Ikisema inafika karibu 20. Basi tukichagua alimentasyo, tusome maandiko ya nyuma: iweze kutoa ampea 25.

Ziko aina mbili. Ile ya zamani iko na transfoma kubwa: nzito, inapata moto, lakini haina kelele. Ile ya kukatakata inakata umeme mara maelfu kwa sekunde moja. Ndiyo maana transfoma yake ni ndogo na nyepesi. Lakini kule kukatakata kunaweza kuleta mlio katika foni. Tuiweke mbali na antena, tuzungushe waya zake katika pete ya feriti.

Tena, moteri ikizimika usiku, zote mbili zinalala. Inabaki batri ya volti 12. Hapa Kazimia, habari ya mgonjwa wa kupelekwa Baraka haingoji asubuhi. Kwa hiyo batri tuijaze kila siku, moteri ingali inazunguka.