Degedege Lisilosikia Dawa: Mama Asibebeshwe Lawama

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, mzazi mmoja aliijia kamati yetu kuomba nauli ya kumpeleka mwanawe hospitali ya rufaa. Mtoto ana miaka mitatu. Alianza degedege akiwa na miezi sita, na tangu hapo homa ndogo tu humwangusha. Mara nyingine hutukutika hata nusu saa. Dawa tatu zimekwisha kujaribiwa. Lililotuuma zaidi ni kwamba ukoo wa mume umekwisha kutoa hukumu: mama kaja nalo kutoka kwao.

Tukawauliza wajuzi, na tuliyoelezwa tumeona tuyafikishe.

Ipo aina adimu ya kifafa iitwayo Dravet, kwa jina la tabibu wa Kifaransa, Charlotte Dravet, aliyeieleza mwaka 1978. Uchunguzi mmoja wa Marekani ulikadiria kuwa humpata mtoto mmoja katika kila 15,700. Mtoto huzaliwa salama, kisha kabla ya kutimiza mwaka huanza degedege refu, aghalabu akiwa na homa. Mwaka 2001 watafiti wa Ubelgiji walibaini chanzo chake: kasoro katika jeni iitwayo SCN1A. Jeni hiyo ndiyo yenye maagizo ya kuumba vijilango vipitishavyo sodiamu katika seli za ubongo, hasa zile zinazoutuliza. Vikipungua, breki za ubongo hulegea.

Kwa wengi wa watoto hawa kasoro hiyo imezuka upya kwa mtoto mwenyewe; hakuirithi kwa mama wala kwa baba. Na kwa wachache walioirithi, huenda imetoka kwa baba.

Lililo zito zaidi ni dawa. Kabamazepini, fenitoini na lamotrijini, ambazo huwafaa wagonjwa wengi wa kifafa, hubana vijilango vilevile, hivyo huweza kumzidishia mtoto wa Dravet. Hata hivyo mzazi asikatishe dawa ghafla, kwani hilo nalo ni hatari. Amweleze daktari yote: umri lilipoanza, homa, muda wake, na dawa gani ilizidisha. Likipita dakika tano, mtoto akimbizwe hospitali, wala asitiwe kijiko mdomoni.

Kipo pia kifafa cha jeni kinachotulizwa na vitamini B6. Hicho hurithiwa pale wazazi wote wawili wanapobeba kasoro moja bila wao kuugua, jambo ambalo hutokea kwa urahisi zaidi wanapokuwa ndugu wa damu. Sisi tunaooana mabinamu tusijifanye hatukusikia.

Wapo waliotuambia ni jini. Hatukubishana nao; kisomo kiendelee, na dawa iendelee.

Nauli imepatikana. Mama sasa ana daftari anamoandika saa degedege linapoanza na saa linapokoma, na wifi yake, aliyekuwa mkali kuliko wote, ndiye atakayemsindikiza Jumanne.